Pole niliyompa mwalimu leo

Leo nimempa mtu pole, nikatamani niirudishe mdomoni.

Mwalimu Brendan, yule mzee wa Ireland anayefundisha Kiingereza hapa Guangzhou, China, huja kula chapati mgahawani kwangu mtaa wa Xiaobei. Leo kaingia, kaegemeza simu kwenye birika, anatazama mazishi ya kiongozi mmoja wa kwao.

Machozi yanamtoka.

Mimi nami na mdomo wangu, nikamletea chai. "Pole sana, mwalimu. Si ndiye huyu aliyepigana na Waingereza? Mmeondokewa na shujaa."

Akafuta machozi.

"Bi Zuhura, watu wake walimshuku kaka yangu kuwa jasusi wa Waingereza, wakamchukua nyumbani, wakamuua. Mama alimwomba huyu bwana miaka yote, amwambie tu wamemzika wapi."

"Akamwambia?"

"Mama kafa hajui. Na huyu naye kafa, hajasema."

Nikanyoosha mkono niizime ile simu.

Akanizuia. "Iache. Nataka nione yeye anazikwa wapi."

Nikavuta kiti. Tukatazama jeneza likishushwa. Chai hakuigusa.

Nyie mngemwambia nini?