Propela Iliyosalimiwa Kila Ijumaa

Fundi huyu wa ndege walimwita Bingwa. Jina alijipa mwenyewe, watu wakalikubali kwa kuchoka tu. Lakini mfunge kitambaa machoni, mpe injini ya silinda nne, ataifungua yote na kuirudisha huku anakupigia soga. Soga nusu yake uongo. Injini ataipatia.

Mwezi mzima alikuwa anawatambia watu kazini kwake. "Injini ya shemeji nimeilaza mimi, kwa mikono hii. Miaka sita! Nikiigusa tu, itaamka kama mtoto aliyesikia vikombe vinagongana."

Shemeji mwenyewe alikuwa rubani. Figo zilimmaliza kitandani, siyo angani, na ndege yake ya viti vinne ikabaki bandani. Bingwa ndiye aliyeitayarisha ikae. Alimwaga oili iliyokuwemo, akatia ile nzito ya kuhifadhia inayogandamana na chuma. Kwenye matundu ya plagi akafunga vichupa vya chembe za buluu zinazonyonya unyevu, zikishiba zinageuka pinki. Matundu mengine yote akayaziba, na kwenye propela akaning'iniza kibao: ISIZUNGUSHWE. Halafu akapata kazi mbali, akatokomea, unamjua tena.

Sasa mpwa wake kapata leseni. Kesho asubuhi anaruka na ndege ya marehemu babake, mama yake kiti cha pembeni. Dada mtu kashona mpaka gauni. Kilichobaki ni Bingwa akague, aiwashe, aweke sahihi.

Alifika bandani anapiga mluzi. Chembe za buluu zote zilikuwa zimegeuka pinki.

"Mmelewa nyie," akaziambia. "Hata mimi miaka sita ningelewa."

Akaingiza kamera ndogo ya waya kwenye silinda ya kwanza. Kutu. Na haikuwa madoa mawili matatu, ilikuwa pete juu ya pete, pale pistoni inapopita. Mluzi ukakatika. Akaifungua silinda nzima, akamulika ndani mpaka kwenye kemshafti, ule mhimili unaosukuma vali. Panapotakiwa pang'ae kama kioo, palikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Akakaa juu ya ndoo. Injini aliyoilaza yeye hailiwi hivi kama haijaguswa. Kuna mtu alikuwa anaizungusha bila kuiwasha, kidogo kidogo, na kila mara ile oili inafutika, chuma kinabaki uchi.

Dada yake akaingia na chupa ya chai.

"Mdogo wangu, mbona kimya? Umemeza spana?"

"Dada, nani anazungusha hii propela?"

"Mimi." Akasema kwa fahari kabisa. "Kila Ijumaa. Hata nikiwa na homa sijakosa."

"Na kibao?"

"Kibao si cha watu wengine? Mimi uliniambia mwenyewe, siku ya mazishi. Nimelia mpaka nimekauka, ukaja ukaniambia, 'Dada, ukimkumbuka shemeji nenda kamshike mkono, mzungushe kidogo, asife ganzi.' Nikacheka. Siku ile nzima nilicheka mara moja, ndiyo hiyo."

Bingwa alikumbuka. Alikumbuka hata alivyojisifu jioni ile kwamba hakuna mwingine aliyeweza kumchekesha mjane. Tangu hapo Ijumaa zinapita mia tatu.

Ubaya ni kwamba ingewaka. Ingenguruma vizuri tu, dada angelia kwa furaha, na kesho mpwa angepaa nayo. Halafu chuma kingeanza kumeguka, unga unga, kikizunguka na oili. Na siku ya kuzima ingezimia juu, hao wawili wakiwa ndani.

"Haitaruka," akasema.

"Kesho?"

"Kesho wala siku nyingine. Imekufa, Dada."

Dada akamsubiri amalizie utani. Alimzoea, huwa anakutisha kwanza ndipo anakuchekesha. Akasubiri mpaka tabasamu likamchoka usoni.

"Nimeiua mimi?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: unyevu, bati linavuja. Ungepita bila shida.

"Mdomo wangu ndio ulioiua," Bingwa akasema. "Wewe ulikuwa mkono tu."

Dada akaiweka chupa chini, akakifunga vizuri kifuniko ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

"Mwanangu utamwambia wewe. Na usimchekeshe."

"Sawa."

Dada akasogea kwenye propela, akaiwekea kiganja. "Leo Ijumaa," akasema. "Au sasa hata hii hapana?"

"Ngoja kwanza."

Silinda moja ilikuwa nje, pistoni inaning'inia wazi. Ikizungushwa hivyo hivyo ingejigonga ukingoni. Bingwa akapiga magoti, akaishika kwa viganja viwili.

"Haya, Dada."

Akazungusha. Pistoni ikapanda polepole mikononi mwa Bingwa, baridi, inakwaruza, halafu ikarudi chini.