Siku Niliyowaka Moto Ukweni kwa Mpwa Wangu

Jamani, hiki kisa naona watu wanakisimulia vijiweni na kukitia chumvi, sasa bora nikiseme mwenyewe, maana hata bila chumvi aibu yake inajitosheleza. Ukiambiwa niliwahi kuwaka moto ukweni, tena wala si ukweni kwangu, ni kwa mpwa wangu, usibishe. Niliwaka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa Songea mjini, na mimi ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuuza makoti sokoni (shule niliishia kidato cha pili, mimi na fizikia tuliachana kwa amani, kila mmoja akashika njia yake). Mpwa wangu Gervas yeye alisoma, akasoma, mpaka akafika Ujerumani, na mwaka huo akaja likizo anataka kumchumbia Otilia, binti wa Mzee Haule wa Maposeni. Wanapendana tangu wakiwa kwaya moja ya kanisani. Shida ni kwamba likizo inakwisha, na kule Maposeni kuna mtu wa Mbinga, ana shamba lake la kahawa, naye anabisha hodi mlango huohuo. Jibu lisipopatikana, Gervas anarudi Ulaya mikono mitupu. Halafu mshenga wetu akashikwa na malaria. Nikaruka mbele: "Mimi nipo!"

Gervas akaniusia neno moja tu. "Mjomba, wakiuliza kazi yangu, sema nasoma sayansi. Ishia hapohapo."

Sasa niishie hapo kwa nini, na mimi jioni nzima kijana amenisimulia na nimeelewa? Nikajisemea moyoni, huyu wa kahawa leo atanitambua. Basi hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Nikatoka na suti ya mitumba niliyoichagua mwenyewe, inang'aa kama samaki, mikono imenipita vidole (mwenyewe wa kwanza alikuwa mrefu, Mungu amsamehe), nikabeba na kuku wawili wa heshima. Nimefika Maposeni mchana umegeuka jioni kwa mawingu, sebule ina giza, wamewasha koroboi mezani. Shikamoo, marahaba, nikakaa. Mzee Haule pale, mashangazi pale, na kwenye mkeka Bibi, mama yake Mzee, na jagi lake la togwa, ule uji mtamu wa kimea.

"Huyo kijana wenu," Mzee akaanza, "huko Ulaya anafanya kazi gani hasa?"

"Anasoma sayansi," nikasema. Naapa nilitaka kuishia hapo. Mdomo ukaendelea wenyewe.

Nikawaambia kuna taa inaitwa leza, Gervas anaiwasha na kuizima haraka mpaka ukilinganisha na kufumba jicho, kufumba jicho ni masika nzima. Mwanga huo mfupi ukiipiga gesi, unazipasua chembe zake, vipande vyepesi vinang'oka na kupata moto kwanza, vile vizito vimezubaa tu. "Ni kama lizombe," nikasema, "ngoma ikilia mara moja tu, watoto wameshaingia uwanjani wanaruka, wazee hata kikombe hawajaweka chini. Baadaye watoto wanawagongagonga wazee, ndipo nao wanapata moto." Mashangazi wakacheka. Bibi akatikisa kichwa kwa kukubali. Nikajiona profesa. Gesi iliyopasuka hivyo, nikasema, inaitwa plazima.

"Ndiyo kitu gani?" Mzee akauliza.

"Kwa kifupi, Mzee, ni radi. Mkwe wako anatengeneza radi ndani ya chombo."

Kicheko kikakatika.

"Anatengeneza nini?"

"Radi. Lakini ndogo, Mzee, ya kufugika."

Shangazi mmoja akasogeza kiti mbali na mimi. Mzee Haule akavua kofia. "Mwaka jana radi ilipiga zizi langu. Mbuzi wote! Mpaka leo natafuta ni nani aliyeituma. Kumbe watu wanaisomea! Otilia! Mrudishie huyu kuku wake."

Otilia akatokea mlangoni, macho yamejaa machozi. Jamani, nilitamani ardhi inimeze na suti yangu. Mtu mwenye akili angeomba radhi akaondoka. Mimi nikasimama. "Hakuna hatari, wazee! Kitu kikiwa kifupi joto halipati nafasi ya kusambaa. Tazameni!" Nikapitisha kidole kwenye moto wa koroboi, fyuu! Sikuungua. Nikarudia, fyuu! Shangazi akasema "ala!" Ya tatu nikaipitisha huku nawaangalia nyuso kama wameshaanza kuelewa.

Moto ulikuwa mfupi, sawa, ila mkono wa koti ulikuwa mrefu. Ile nguo haikuungua kama pamba, iliwaka kama kiberiti na kudondoka matone. Nikazunguka meza napiga kelele, "Yesu na Maria!", kuku wanaruka, mashangazi wanaruka, na wazee wazito wote niliowasema wakapata moto mara moja. Aliyebaki na akili alikuwa Bibi. Aliinuka na jagi lake, akanimwagia togwa yote, kuanzia kichwani.

Nikasimama pale, natiririka uji.

Bibi akaniangalia mpaka viatuni, akaanza kucheka taratibu. "Haule mwanangu, wenye radi mimi nimewajua tangu utoto wangu. Wenye radi wanatisha. Ukoo wenye radi, mjomba mtu angeshindwa na koroboi?"

Mzee alijikaza, akajikaza, mwisho akaziba uso kwa kofia na mabega yakaanza kutikisika. "Otilia," akasema, "hao kuku usiwarudishe. Wachinje."

Otilia akawakimbilia wale kuku kwa furaha mpaka nikawaonea huruma.

Leo wana watoto, na Gervas ameshanisamehe. Mimi kila nikifungua belo la mitumba, sweta la kwanza zuri ni la Bibi, na nampelekea mwenyewe, maana bila jagi lake mkono huu ningekuwa nauhadithia tu na Otilia angekuwa anachuma kahawa ya mtu. Analipokea, analibusu, kisha analivuta mkono kulipima. "Hili halijapita vidole?" Nikiulizwa mpwa wako anafanya kazi gani, nasema anasoma sayansi. Halafu natafuta kwanza koroboi iko wapi, nakaa upande wa pili.