Nilibakiza maili mbili nivuke mpaka na bendi ya country, makaratasi yetu yakiwa mezani

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni.

Hili jambo nimekaa nalo miaka. Nalileta kama lilivyotokea, bila chumvi. Atakayeona ni chai aongeze sukari anywe, sitagombana na mtu.

Ilikuwa kiangazi, katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kitu. Nilikuwa naishi Brooklyn Park, Minnesota, na mke wangu na binti yetu Imani wa miaka saba. Chuo nilishamaliza, nafanya kazi kampuni moja kule Golden Valley. Mke wangu, Mama Imani, alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya wazee pale New Hope.

Sasa shikeni hili vizuri, maana uzi wote umekaa hapa.

Maombi yetu ya green card yalikuwa mezani. Yalipitia kazini kwangu, kwa jina langu, na mke na mtoto wamo humo humo. Yangu yakianguka, yao yameanguka.

Wakili wetu alilirudia jambo moja mpaka nikachoka kulisikia. Jibu likiwa bado, usitoke nje ya Marekani bila kibali maalum cha kusafiri, hata kwa dakika tano. Ukitoka, maombi umeyafuta mwenyewe.

Kibali hicho sikukiomba. Niende wapi? Kazini, kanisani, nyumbani, basi.

Sasa bendi inaingiaje hapa.

Mimi ni mpiga besi. Nimeanza kwenye kwaya, Mbeya, na pale Brooklyn Park nilikuwa napiga kwenye ibada yetu ya Kiswahili. Kazini kulikuwa na fundi mmoja mzee, Clive, Mwaustralia aliyehamia Minnesota kwa kumfuata mke. Huyu mzee alikuwa na bendi ya country, wazee watupu, na kila kiangazi walitoka na magari yanayovuta karavani, wanapiga kwenye maonyesho ya wakulima na viwanja vya kambi.

Mwaka huo mpiga besi wao alifanyiwa upasuaji wa mgongo. Clive akaja mezani kwangu na mkebe wa biskuti kunibembeleza. Nikachukua likizo ya wiki moja.

Besi ya country, kiukweli, kwa mtu aliyepitia kwaya ya kikwetu ni mapumziko. Kazi ilikuwa barabarani.

Clive ujana wake wote alizunguka na bendi ndani ya bara la Australia, kwenye lile jangwa wanaloliita outback, siku mbili unaendesha hujaona nyumba. Msafara wake wa Minnesota aliuendesha kwa sheria za kule. Gari lake mbele, mgeni nyuma kabisa, kila gari lina redio ya upepo, na hakuna anayetoka kwenye mstari bila kusema.

Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha magari, tunasimama duara. Kila mtu anataja shida yake. Gari, afya, hata kama umegombana na mkeo, unasema. Alisimulia kwamba kule kwao mwenzao mmoja aliona aibu kusema tangi lake la maji linavuja, na kesho yake watu wanane walikuwa wanagawana maji kwa kifuniko cha chupa.

Tulikuwa watu saba kwenye magari manne. Wale sita, na mimi. Gari la mwisho, lililovuta tela la vyombo, niliendesha mimi, na pembeni yangu alikaa Dale, mpiga fidla, mzee mpole ambaye akifunga mkanda tu analala.

Jumatatu asubuhi duara la kwanza. Mmoja akasema goti linamuuma. Dale akasema ana wasiwasi na kipimo cha moyo alichofanya. Ikafika zamu yangu.

Nikasema, hakuna shida.

Wakuu, mnajua tulivyolelewa. Mtanzania yuko kitandani hospitali, dripu mkononi, ukimuuliza hali anakwambia nzuri tu, ni hili tumbo kidogo. Kwetu salamu inajibiwa nzuri kwanza, mengine baadaye, na mara nyingi hayo mengine hayafiki.

Siku hiyo lakini kweli sikuwa na shida. Tulipiga karibu na Fargo, watu wakacheza, nikalala vizuri.

Jumanne tukaingia barabara ya kwenda kaskazini. Mchana tukasimama kujaza mafuta. Ukutani, karibu na choo, palikuwa na ramani kubwa ya North Dakota. Nikawa natafuta miji iliyokuwa kwenye karatasi ya ratiba yetu. Wa Jumanne nikauona. Wa Jumatano nikauona.

Wa Alhamisi haukuwepo.

Nikatafuta tena, kidole ukutani. Nikaja kuuona juu kabisa, nje ya mstari mnene mweusi, sehemu iliyopakwa rangi nyingine. Ilikuwa Canada.

Nikaegemea friji la soda.

Kabla hamjawalaumu wale wazee: miaka ile raia wa Marekani alikuwa akivuka kwenda Canada kwa gari akionyesha leseni tu. Kwao ule mpaka ulikuwa kama kutoka Brooklyn Park kwenda New Hope. Haikumjia yeyote kichwani kuniuliza, na mimi ratiba nilikabidhiwa wiki mbili kabla, nikaikunja nikaweka mfukoni.

Mtauliza, si ungesema tu pale pale?

Ndugu zangu, wanaobeba box, wanaohangaika na vibarua ughaibuni, watanielewa. Pale kwetu mambo ya makaratasi hayasemwi. Unasali na mtu miaka mitano, unamlisha pilau, hujui yuko hapa kwa karatasi gani na hakuulizi yako. Mtu akijua status yako, siku mkikosana anakuchomea utambi kwa watu wa uhamiaji. Tulishaona familia ikihama usiku kwa maneno ya jirani.

Na mimi sikuwa na kosa lolote! Kila kitu changu kilikuwa halali. Lakini kuficha nilikuwa nimeshakuzoea kiasi kwamba nilificha hata kisichofichwa. Halafu nilikuwa mgeni pekee, mweusi pekee, na nilitaka wale wazee waseme kijana huyu hana usumbufu.

Jumatano asubuhi, duara. Clive akaniuliza.

Hakuna shida.

Mchana nikajitenga nyuma ya karavani nikapiga simu ofisi ya wakili. Katibu wake akanisomea kama anasoma katekisimu: usivuke. Nikamuuliza, na nikifika mpakani Canada wakanikatalia, nikarudishwa? Akasema hiyo asingependa kuijaribu kwa maombi ya mtu.

Nikampigia mke wangu. Nilikusudia kumwambia. Akapokea akiwa na haraka, yuko kwenye zamu, akauliza habari za safari.

Nikasema nzuri. Akasema Imani anakusalimia, akakata.

Kuanzia hapo nikaanza kutafuta ujanja. Nikafikiria kujifanya mgonjwa, lakini Joan, mke wa Clive, tuliyekuwa naye msafarani, alikuwa nesi mstaafu, angenipima mwenyewe. Nikafikiria kusema gitaa limeharibika. Walikuwa na mawili ya akiba.

Alhamisi alfajiri nilifanya jambo ambalo hadi leo naona aibu kuliandika. Niliamka kabla yao nikachuchumaa kwenye tairi la tela, nikabonyeza valvu ya upepo kwa ncha ya ufunguo. Hewa ikaanza kutoka, psss.

Nilikaa pale nikisikiliza ile hewa, halafu akili ikanirudia. Tairi la upepo mdogo kwenye highway linaweza kupindua tela, na Dale amelala pembeni yangu na moyo wake ule. Zaidi ya hapo, Clive ana tairi mbili za akiba na jeki ya kisasa. Ningemchelewesha dakika ishirini tu.

Nikachukua pampu nikajaza upepo niliotoa.

Duara. Clive akaniangalia muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Akasema naonekana sijalala, kuna kitu?

Wakuu, nikasema hakuna shida. Mara ya nne.

Tukaondoka. Barabara ile imenyooka kama rula, mashamba ya ngano kulia, mashamba ya alizeti kushoto. Exit, zile njia za kutokea barabara kuu, zina namba, na namba zilikuwa zinapanda. Nilikuwa nazihesabu moja moja. Nilijua kutoka kwenye ramani kwamba ya mwisho ikishapita hakuna tena kugeuza, unaingia kwenye foleni ya mpaka utake usitake.

Dale alikuwa anakoroma.

Nikaona kibao: Canada maili kumi. Nikashika kipaza cha redio, nikakirudisha. Kibao kingine, maili tano. Nilianza kujiona nampigia mke wangu nikiwa upande wa pili, namwambia afungashe. Nikamwona Imani anaingia darasa la kwanza la shule asiyoijua lugha yake, maana yule mtoto Kiswahili anasikia ila anajibu Kiingereza.

Kibao cha exit ya mwisho kikatokea. Maili mbili zimebaki.

Nikabonyeza kitufe. Nikaachia.

Redio ikalia. Ilikuwa sauti ya Clive, taratibu: "Gari la nyuma, umebonyeza. Sema."

Nikasema, "Siwezi kuvuka. Makaratasi yangu hayaniruhusu kutoka nchini. Nikivuka, familia yangu yote imepoteza."

Magari yote manne yalisikia. Dale alifumbua macho akanitazama.



Kisha Clive akasema, "Wote tunatoka."

Nikaona indiketa ya gari lake inawaka kule mbele, ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu. Ya kwangu niliwasha mwisho. Tukashuka exit ile kwa mstari, tukasimama kwenye uwanja wa kokoto mbele ya duka moja.

Clive akaja dirishani kwangu. Sikuwahi kumwona na uso ule. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu angepaza.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne ningebadilisha njia nzima kwa simu moja," akasema. "Umesubiri mpaka nina watu wanaonisubiri jioni hii na sina besi."



Waliamua haraka. Dale atavuta tela, wao wavuke, wapige bila besi, mimi nibaki kwenye kambi ndogo ya pale na karavani moja mpaka Jumamosi. Joan akaniachia mkate, mayai na supu za kopo. Dale akanipiga bega, akasema siku nyingine nimwamshe.

Nikabaki siku mbili peke yangu, nasikia malori yanakwenda mpakani. Sijawahi kulala usingizi mbovu kama ule, na hapo hatari ilikuwa imeshapita.

Walirudi Jumamosi. Onyesho lilikwenda hivyo hivyo, likilegalega. Kazini Clive aliendelea kunisalimia vizuri, ila kiangazi kilichofuata alimchukua mpiga besi mwingine. Simlaumu.

Sasa sehemu ya nyumbani, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Nilifika Brooklyn Park Jumapili mchana. Mama Imani anapiga pasi sare zake. Nikamsimulia yote, nikiwa na furaha fulani, unajua ile ya mtu aliyeponea chupuchupu. Nilitegemea aseme Mungu mkubwa, anikumbatie, tule.

Aliendelea kupiga pasi mpaka nikamaliza. Akachomoa waya ukutani.

"Jumatano uliponipigia ulikuwa umeshajua?"

Nikasema ndiyo.

Akahesabu kwa vidole, taratibu, wale wazee wa bendi. Sita.

"Kwa hiyo mimi ni wa saba kujua," akasema. "Na makaratasi ni yangu pia, Baba Imani."

Akakunja sare, akaenda kazini dakika arobaini kabla ya muda wake. Tulikaa karibu mwezi tunaongea mambo ya mtoto na ya friji tu. Kadi zilitoka mwaka uliofuata, tukazipokea salama, lakini ule mwezi haukufutika na kadi.

Nilichojifunza ni hiki. Hofu ya makaratasi ni ya kweli na siwezi kumwambia mtu ajitangaze. Lakini kuna mtu ambaye hatari yako ni hatari yake, na huyo hana haki ndogo ya kujua kwa sababu tu unampenda na hutaki kumtia presha. Mimi nilidhani namlinda. Nilikuwa naamua maisha yake bila yeye, nyuma ya karavani, na simu mkononi.

Mlioko nje, na hata mlioko nyumbani wenye mambo yenu ya mikopo, ya afya, ya kazi zilizoota nyasi: mwenzako anajua? Karibuni mnipige mawe, nimejiandaa.

Uzi huu niliandika juzi, nikauacha siku mbili bila kuupandisha. Nilimpa Mama Imani asome kwanza. Amenirekebisha sehemu moja tu: anasema hakuondoka dakika arobaini kabla ya muda. Siku hiyo hakuwa na zamu.