Wasifu wa Mwenye Bucha Kwenye Televisheni ya Sebuleni

Mtaani kwetu hakuna mtu mbaya aliyewahi kufa. Wabaya wote wako hai. Wakishakufa, Katibu anawashughulikia. Jina hilo alilipata alipokuwa katibu wa chama cha wapangaji, chama kilichokufa zamani kwa maradhi ya kuwa na wenyeviti wawili. Yeye akabaki na jina na ufundi wa kupiga chapa. Kazi yake ni kuandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa mazishini. Ukweli ni kwamba alikuwa na wasifu mmoja tu ndani ya kompyuta, akibadilisha jina na tarehe. Ndiyo maana walevi, wagomvi na wadhulumaji wetu wote walizikwa wakiwa wapole, wacheshi na wapenzi wa watu wa rika zote.

Basi siku moja mtaalamu huyu, ambaye kutwa aliwafokea wanawe wasiisogelee kompyuta yake, aliiacha kwenye kiti, akaenda kunywa maji, akarudi akaikalia. Kioo kikapasuka. Fundi wa simu wa pale kona alikitazama, akasikitika kwa heshima zote, akasema cha kuweka badala yake kitaagizwa, nacho kitakuja kitakapokuja.

"Ila mashine yenyewe nzima," akamwambia. "Una televisheni nyumbani? Chukua waya huu. Kichwa kimoja kwenye kompyuta, kingine kwenye televisheni. Utafanya kazi kama mkurugenzi."

Televisheni ilikuwapo, tena pana kama mlango, ila kusema ni ya Katibu ni kumwonea mama mkwe. Mama mkwe alikuja kukaa kwa muda mfupi, mjukuu wake wa kwanza alipokuwa anaota meno. Mjukuu huyo sasa ananyoa ndevu. Kila alasiri sebule ilikuwa ya bibi huyo, tamthilia yake, na jirani zake wawili: mshonaji na mwalimu mstaafu.

Katibu akachomeka waya. Televisheni ikamjibu kwamba haioni kitu. Alihangaika na rimoti mpaka mkewe akatoka jikoni, akabonyeza kitufe kimoja, akarudi jikoni bila kusema neno, jambo linalouma kuliko maneno. Picha ikatokea, lakini imeliwa kingo: kila mstari umekosa herufi za mwanzo, na marehemu badala ya "alizaliwa" akawa "izaliwa". Akachokonoa mipangilio hadi ukurasa ukaonekana mzima. Herufi zikawa kama za tangazo la barabarani. Akikaa karibu, macho yanamuuma. Akirudi nyuma, waya haufiki. Akaishia katikati, kidevu juu, kama kuku anayekunywa maji.

Alasiri mama mkwe alikuta tamthilia yake imegeuka karatasi nyeupe. Hakugombana. Alikaa kwenye kochi, akakunja mikono, jirani zake wakakaa pia, wakaanza kutazama kilichopo.

Kilichokuwapo ni wasifu wa mwenye bucha, aliyefariki juzi yake. Katibu alikuwa amefika pazuri: marehemu alikuwa mpole, mwenye subira, asiyejua kupandisha sauti.

"Mwenye bucha yupi huyo?" mama mkwe akauliza.

"Huyu wetu, mama."

"Huyu wetu aliyekuwa akifoka mpaka mbwa wanahama?"

"Ndivyo inavyoandikwa, mama."

"Na mizani yake nayo ilikuwa pole?" mshonaji akadakia.

Mwalimu mstaafu hakuwa na ugomvi na marehemu. Alisema tu kwamba neno "subira" limerudiwa katika aya moja.

Katibu alizoea kuinamisha kioo mtu akipita nyuma yake. Televisheni haiinamishwi. Akaendelea kuandika, masikio yakimwaka moto, na kila neno likitua, kochi linaguna.

Ndipo hodi ikapigwa, akaingia mjane wa mwenye bucha, amekuja kuona maandishi yamefika wapi. Kochi likanyamaza. Katibu akatafuta rimoti. Ilikuwa mkononi mwa mama mkwe, naye hakuonyesha dalili ya kuitoa. Mjane akasoma palepale mlangoni, taratibu, na hata angesimama uani angesoma.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni marehemu, mama. Pole sana."

"Huyu simjui. Ningeolewa na mtu asiyepandisha sauti, si ningekufa kwa upweke?"

Akaketi. Akasimulia kwamba mumewe aligombana na kila kitu: kufuli, mvua, redio. Mwaka alioumwa yeye mjane, hata kusimama hawezi, bwana huyo alichelewa kufungua bucha kila siku ili amwogeshe kwanza, huku akimfokea aache mambo ya kufa.

"Neno tamu sikuwahi kulisikia," akasema. "Ni kula, wewe mwanamke, kula. Nikala, nikapona. Sasa nyumba imenyamaza, sijui niifanye nini."

Katibu akafuta mistari yake, akaandika alichosikia. Mjane alifuata herufi zikitokea, akimrekebisha. "Si 'alinihudumia'. Andika aliniogesha." Mshonaji akaomba iingizwe kwamba mizani ilikuwa na kasoro, ila mtoto akitumwa nyama hakurudi bila kipande cha nyongeza. Mjane akaridhia yote mawili.

Wasifu uliposomwa mazishini, watu walicheka mpaka wakaona aibu, kisha wakalia bila aibu yoyote. Katibu, nyuma ya umati, alijisikia mwandishi, hisia aliyodhani imempita zamani.

Usidhani mtaa uliongoka. Kila mtu alianza kudai ukweli, yaani ukweli wa marehemu wa jirani. Aliyefiwa mwenyewe alikuja akinong'ona, "Wa kwetu, Katibu, mwekee ule wa zamani." Lakini walitokea wachache waliokubali kukaa kwenye kochi na kusimulia. Kioo kilipowasili, Katibu alimwambia fundi akihifadhi kwanza. Tamthilia ikahamishiwa jioni, na mama mkwe hakulalamika.

Alasiri moja wamebaki wawili sebuleni, mama mkwe akamwambia Katibu, "Baba, niandikie na wangu, ningali naweza kuusoma."

"Wa kweli, mama?"

"Andika nilijaliwa sauti nzuri ya kuimba."

Jikoni kisu kikaacha kukata vitunguu. Mama mkwe akiimba, majirani hufunga madirisha. Katibu akaandika.

"Andika pia kwamba mkwe wangu nilimpenda."

Vidole vikasita. "Hilo ni la kweli, au ni kama la sauti?"

"Wewe andika," akasema mama mkwe, akivaa miwani.