Kutu, Bendi ya Banda la Kuku

Kinyesi cha kuku kilicholowa mvua kina harufu inayopanda puani na kukaa kooni kutwa nzima, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya muziki wa roki. Nilikuwa na miaka kumi na moja pale dada yangu Zuhura na wenzake wawili walipoanza kufanya mazoezi katika banda la kuku lililoachwa nyuma ya nyumba yetu, Kiembe Samaki. Walisugua kwa sabuni, wakapaka chokaa, uvundo ukabaki. Zuhura alipiga gitaa na kuimba, Feruzi alipiga besi, na Masoud, jirani yetu, alipiga dramu alizoziunga mwenyewe kwa vipande vikuukuu. Bendi waliiita Kutu. Mama, aliyelelewa na taarabu, alikuwa akija mlangoni ameziba pua na masikio kwa zamu.

"Huo si muziki, mwanangu. Hayo maradhi."

"Basi nshaambukizwa, mama," Zuhura alimjibu.

Niliwapenda mno. Hawakuwa na bosi wala mfadhili, na nyimbo zote walizitunga wenyewe. Niliupenda zaidi ule wa "Bomba Linakohoa", kuhusu mabomba ya mtaani kwetu yaliyotoa upepo badala ya maji. Gitaa lilikwaruza kama msumeno unaokata bati, na kila ndege ya abiria iliposhuka juu ya banda kuelekea uwanja wa ndege wa jirani, wao waliongeza sauti ili waishinde.

Likizo moja wakaalikwa kupiga alasiri katika hoteli ya watalii huko Kendwa. Zuhura alizipiga pasi nguo zake nyeusi mara mbili. Mama alimruhusu kwa sharti kwamba anichukue na mimi. Tulipofika tuliwekwa katika chumba nyuma ya jiko, karibu na mapipa ya taka, nzi wakitembea juu ya matumbo ya samaki. Akaingia meneja wa burudani, ananukia marashi makali, akamwaga mfuko sakafuni. Yalikuwa mavazi ya kitambaa cha madoa ya chui, bado mabichi kwa jasho la waliocheza jana yake, na kopo la rangi nyeupe ya kupaka usoni.

"Wageni hawakuja huku kusikia makelele ya kwao," alisema. "Vaeni haya, rukeni rukeni, muimbe kitu cha kukaribisha watu."

"Mie sivai," Zuhura alisema.

Feruzi akacheka, akavaa. Masoud akainusa yake, akakunja uso, kisha naye akavaa. "Mara moja tu, Zuhura," akamwambia. Niliwatazama wakipakana rangi mashavuni, nikaziba pua kama Mama.

Zuhura alipanda jukwaani kando ya bwawa na nguo zake nyeusi, akaanza "Bomba Linakohoa". Wenzake wakamfuata. Wageni wachache wakainua vichwa, mmoja akaanza kutikisa mguu. Kabla ubeti wa pili haujaisha, meneja akazima umeme. Gitaa likafa, besi ikafa. Zuhura akaendelea kuimba kwa koo lake tu, akageuka nyuma kumtafuta Masoud. Dramu haihitaji umeme. Masoud aliziangalia fimbo zake, akaziweka chini taratibu, akatazama bwawa. Nilitapika pale pale kwenye majani, na sikuomba radhi.

Kutu ilivunjika siku ile ile. Masoud na Feruzi walibaki Kendwa, wakaajiriwa pale pale hotelini. Leo Masoud ndiye mkuu wa burudani katika hoteli nyingine ya ufukwe ule ule. Mwaka jana nilimkuta kwenye harusi akawa ananiita mdogo wake. Nilimpa mkono kwa sababu ya watu, kisha nikaenda kunawa.

Zuhura anafundisha fizikia chuoni Tunguu. Wanafunzi wake wana bendi yao. Wanarekodi chumbani kwa kompyuta, wanatia nyimbo mtandaoni, na hakuna wa kuwazimia. Juzi alinisikilizisha wimbo wao mmoja jikoni kwake, huku anakuna nazi. Ulikuwa safi, kila chombo mahali pake. Nikamuuliza kama anawaonea wivu.

Aliendelea kukuna. "Hata. Wao hodari kuliko sisi," alisema. "Ila hawajawahi kushindana na ndege."