Bi Nakala Akataa Kuzima

Kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Bi Nakala, kwa sababu swali lake la kwanza kwa kila jambo ni moja: nakala iko wapi? Hata mtu akilalamika kwamba amepoteza mwavuli, ataulizwa hivyo hivyo. Watu hucheka. Yeye hacheki.

Anatunza seva zinazohifadhi na kutafuta rekodi za wagonjwa katika hospitali yenye majengo mawili. Kila jengo lilikuwa na chumba chake cha seva, na zote zilifanya kazi kama kundi moja, rekodi zikigawanywa huku na huku. Kisha wakubwa wakaamua kurudisha jengo la pili kwa mwenye nyumba. Ikabidi kundi zima lihamie chumba kimoja.

Pale kwao seva haizimwi mpaka watu wawili waseme kwa sauti, "Nimeona": fundi umeme kwa upande wa umeme, mtunza data kwa upande wa data. Hakuna aliyeamuru hivyo. Ilianza mtu alipozima mashine isiyo yake, wakakoma.

Siku ya kuzima seva za jengo la pili, meneja alifika na mwenye nyumba, ambaye alibaki mlangoni akipima chumba kwa macho. Kwenye skrini kulikuwa na alama ya kijani.

"Haya Bi Nakala, sema neno lako tuondoke."

"Sijaona."

"Hujaona nini? Kijani hicho hapo!"

"Hicho kinahesabu rekodi zilizoingia tangu tubadilishe mpangilio uwe wa chumba kimoja. Za zamani bado zinafuata amri ya vyumba viwili, na nyingine zipo humu tu. Nimeziamuru zihame, zinahama. Tukizima sasa, zimekwenda."

Meneja akashusha sauti. Hapa ndipo ninapomlaumu, maana alielewa vizuri sana.

"Mama, za zamani hizo atazitafuta nani?"

"Daktari, siku mgonjwa ataletwa hajitambui na hakuna anayejua dawa gani inamdhuru."

"Nimemwahidi mwenye nyumba leo."

"Umemwahidi wewe. Mgonjwa hakuwepo."

Fundi umeme akakohoa kuficha kicheko. Meneja akamgeukia. "Fundi, zima."

"Bosi, umeme nimeuona. Data sijui hata ina rangi gani. Asiposema yeye, mkono wangu haufiki hapo."

"Basi kibarua kikiota nyasi, msinililie!" Meneja akatoka, mwenye nyumba nyuma yake akinung'unika.

Bi Nakala akavuta kiti, akakaa mbele ya swichi. Mumewe alipopiga simu, alimweleza yote.

"Mama watoto, si neno moja tu? Liseme urudi nyumbani."

"Ukilazwa wewe, Baba watoto, rekodi yako nikaiombe kwa nani?"

"Haya, kaa. Nitapika mimi."

"Usiniunguzie sufuria."

Alikaa hapo mpaka rekodi ya mwisho ilipohama, akatafuta chache kwenye seva za chumba kile kingine kuhakikisha zinapatikana. Ndipo akasema neno lake, na fundi akazima.

Wiki iliyofuata, kwenye kikao, meneja alimtaka aombe radhi mbele ya wenzake, la sivyo angepelekwa kuhudumia printa. Wapo waliomkonyeza akubali yaishe. Hiyo ndiyo kawaida yetu: tunataka yaishe, hata kama yanaishia pabaya, na tunaita woga wetu busara.

Bi Nakala akasimama.

"Kama sauti yangu ilikuwa kali, radhi. Kwa kukataa, sina radhi ya kuomba."

"Ungekataa tena?"

"Hata leo, bosi. Printa ziko chumba gani?"

Mkono wa nani ulitangulia kupiga makofi haikujulikana. Meneja alipouliza, kila mtu alikuwa akitazama dari.