Vitumbua vya Majivuni

Nilipika vitumbua Temeke kwa miaka ishirini na kitu, na waliokuja kunisifu baadaye walidhani mikono mizuri huenda na roho nzuri. Sikuwasahihisha. Nilikuwa na biashara ya kulinda.

Aliyenifundisha ni shangazi yangu, mwanamke mwembamba mwenye hasira za karibu. Kila kitumbua kikipasuka alinichapa vidole kwa kile kijiti cha kugeuzia, kikiwa bado kinachuruzika mafuta ya moto. Hakuwa na maneno mengi. Aliniambia kwamba mtu akila kibovu kimoja kilichotoka mkononi mwangu atanikumbuka kwa hicho, hata kama nimempikia vizuri miaka kumi. Nilimchukia na nilimwamini. Alipofariki niliachiwa chuma chake cha vitumbua, chenye mashimo saba.

Vita kuu ya pili ilinikuta sina mume. Alikuwa ameniacha akaenda kuoa Kisarawe, na mimi nikapanga chumba katika nyumba ya vyumba sita, uani kuna jiko la makuti tunalolitumia wote. Mchele ulikuwa adimu siku zile, watu wanapanga foleni kwa unga wenye wadudu, lakini mimi nilikuwa na kaka yangu Rufiji aliyeniletea mpunga wake. Basi nikaanza kupika na kuuza asubuhi pembeni mwa barabara, pale wanapopita kwa miguu wanaume waendao bandarini.

Kitumbua changu kilitakiwa kiwe duara, rangi moja pande zote mbili, kisipasuke ubavu wala kisibonyee katikati. Mkupuo wa kwanza haukuwahi kunipendeza hata siku moja, maana chuma kinakuwa hakijashika moto. Visivyonipendeza sikuviuza, sikuvila, wala sikumpa mtu. Nyuma ya jiko palikuwa na shimo la taka, nikavitupa humo na kuvifukia kwa majivu. Majivu yalikuwa na sababu yake. Siku moja bibi wa nyumba ya pili aliokota viwili vilivyoungua akawaandalia wageni wake, akawaambia ni vyangu. Wageni wakacheka. Tangu siku ile nikahakikisha hakuna atakayeokota tena.

Katika chumba kilichotazamana na changu alikaa mwanamke kutoka upande wa Lindi. Mumewe alichukuliwa uaskari akapelekwa vitani Bama, na yeye akabaki na binti mmoja wa miaka minne. Ziko siku walishinda kwa uji wa muhogo usio na chumvi. Asubuhi moja alinijia jikoni ameshika bakuli kwa mikono miwili.

"Dada, vile vinavyokuharibikia usivimwage," alisema. "Nipe mie, mtoto ale."

Nilimjibu kwamba vibovu vyangu haviliwi na binadamu, na kama njaa imemzidi arudi kwao. Akaniomba radhi, yeye aniombe mimi, akaondoka na bakuli lake.

Haikupita wiki nikamwona yule mtoto amekaa kizingitini, midomo yake ya kijivu kwa majivu. Nikaelewa papo hapo. Mama yake alikuwa akifukua shimo nikishaondoka, anavisuuza, anampa. Mtu mwenye utu angelia. Mimi nilipandwa na hasira, kwa sababu nilichokiona ni mtoto anayezurura mtaani na kitumbua changu kilichopasuka mkononi, kila mtu akikitazama. Kesho yake nilipovitupa nilivimiminia mafuta ya taa. Nayo yalikuwa ya shida. Nilikaa gizani jioni mbili ili yapatikane ya kumwaga, na sikuona uchungu. Nilijua mama atasikia harufu wakati wa kusuuza na ataacha. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwa upande wa mama.

Siku ya tatu mama aliwahi foleni ya unga. Mtoto akaamka peke yake, akaenda shimoni kama alivyomwona mama yake akienda, na hakujua kama kuna kusuuza.

Nilimsikia akikohoa nyuma ya jiko, kisha akitapika, kisha akikohoa kwa sauti ya mtu asiyepata hewa. Nilikuwa na mkupuo wa pili motoni. Moto ulikuwa umetulia vizuri na upande wa chini umeshaiva. Nilijua ni nini kilichotokea, sikuhitaji kwenda kutazama. Nikageuza cha kwanza. Nikageuza cha pili. Nikavigeuza vyote saba, nikasubiri, nikaviopoa kimoja kimoja na kuvipanga kwenye sinia visigusane. Ndipo nikaenda.

Nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba nilipigwa na bumbuazi. Sikupigwa na chochote. Sikutaka viungue.

Nilimkuta amelala ubavu, macho yamegeuka, ananuka mafuta ya taa. Nikambeba nikatoka naye mbio, na njiani nikakutana na mama yake anarudi na mfuko mtupu. Tulipokezana kumbeba mpaka hospitali ya mjini. Mganga alisema mafuta yameingia kifuani, akamlaza siku tisa. Jioni mama alirudi nyumbani kuchukua kanga za mtoto, akapita jikoni, na sinia ilikuwa pale pale nilipoiacha. Akaitazama sana.

"Ulimaliza kwanza kupika?" akaniuliza.

"Nilimaliza."

Hakunipiga. Nilitamani anipige, nami nipate la kulalamikia.

Wanawake wa uani walizipeleka habari bombani, na kutoka bombani zikaenea mtaa mzima. Wapagazi wa bandarini wakawa wananipita kama kisiki. Nikazidi kupika vizuri, sijawahi kupika vizuri kama mwezi ule, na sinia ikawa inarudi imejaa. Mtoto aliporuhusiwa kutoka nilichagua vitumbua ishirini visivyo na hata doa, nikavifunika kitambaa cheupe, nikaviweka mlangoni kwa mama yake. Alivichukua, akapita mbele yangu mpaka shimoni, akavimimina, akavifukia kwa majivu taratibu. Kisha akaiosha sinia akanirudishia.

Ningependa kusema kwamba pale ndipo nilipotubu. Hapana. Nilikasirika kwamba ametupa vitumbua vizuri vile.

Kilichonishinda ni njaa. Mchele wa kaka uliingia fukusi, mimi mwenyewe nikawa nakula vitumbua asubuhi na jioni mpaka nazi ikanichefua, na hapakuwa na mtu wa kunipa hata tembele. Nikaenda kumgongea. Alikuwa amempakata mtoto, ambaye kifua chake bado kilipiga mluzi akivuta pumzi. Nilimwomba tufanye biashara pamoja. Aliniambia bila kuinua sauti kwamba nitapika na yeye atauza, kwa kuwa hakuna atakayepokea chakula mkononi mwangu. Na kila kitakachotoka kwenye chuma kitatoka nje kwenye sinia, kiwe kimepasuka, kiwe kimeungua, na nisikiguse. Alasiri ile ile alilijaza shimo udongo na kulishindilia kwa miguu.

Asubuhi ya kwanza, katika mkupuo wa kwanza vitatu vilipasuka na kimoja kikawa cheusi chini. Akavipanga mbele kabisa. Nilimsihi walau aviweke chini ya vingine. Akajitwika sinia akaenda zake. Nikakaa karibu na moto nikalia. Nilivililia vitumbua vinne, mimi ambaye sikumlilia yule mtoto hata tone.

Alirudi jua halijapanda, sinia tupu. Nilimuuliza wamesemaje. Kuhusu kupasuka hakuna aliyesema neno. Ila wengi walikuwa na lalamiko moja, akaniambia, tena la siku nyingi: sukari haitoshi. Miaka yote nilikuwa navikagua kwa macho, na sikuwahi kumuuliza mlaji hata mmoja.

Tuliongeza sukari. Mumewe hakurudi kutoka vitani, na mimi sikuolewa tena. Baadaye tulifungua kibanda cha chai Keko kwa ajili ya maseremala, watu wanaokula huku wamesimama na vumbi la mbao mikononi. Nilijifunza kuacha kibovu kiende. Sikujifunza kupenda. Hata kilipokwenda kwa mteja aliyeridhika, kiliniuma, na mwenzangu alijua kwamba kinaniuma, na mara nyingine nadhani alikuwa akivichagua vibaya zaidi aviweke karibu na macho yangu.

Binti yule alikua kibandani kwetu, akiniita mama mkubwa. Alikuwa na kawaida moja: hali kitu kabla hajakinusa. Chai, wali, embe, hata kipande alichokimenya mwenyewe, kwanza pua. Alipochumbiwa, mama wa mchumba aliona ni dharau, maneno yakawa mengi. Siku moja binti akanikuta nimekaa jikoni akaniuliza, kwa kuwa mimi nilimjua tangu mdogo, ni lini alianza tabia ile na ni kwa nini.

Mama yake alikuwa hatua mbili kutoka pale, anapanga sinia. Mkono wake ukasimama.

"Ndivyo ulivyozaliwa, mwanangu," nikamwambia.

Akacheka, akachukua kitumbua kilichokuwa juu, akakinusa, akala. Mama yake akaendelea kupanga.